Bili ya Maji, Upande wa Pili

Kitabu chako, Bwana Shee, nimekimaliza juzi,
saa tisa kasorobo za usiku,
duka la dawa la Makupa, zamu yangu,
feni ikikoroma, paka wa jirani kalala juu ya mizani.
Kurasa mia nane na kumi na mbili.
Mgongo wake niliupima kwa vidole: vitatu, na ukucha.

Miaka kumi na mmoja nimekingoja.
Nilipoambiwa kimefika nililipa kwa pesa za mapazia.
Mpaka leo dirisha langu li wazi,
na jirani wa ghorofa ya pili anajua nalalia ubavu gani.

Kile chako cha kwanza kilikuwa chembamba
kama mkate wa kumimina uliokataa kuumuka.
Nilikisoma Kibokoni, nina miaka kumi na mitano,
umeme umekatika, mshumaa umesimama kikombeni.
Mle mwanamke alishona tundu la kifungo,
tundu moja tu, kurasa nne,
nikalia, na nilichokililia sikijui.

Sasa hiki.
Ukurasa wa kwanza hadi wa tisini ni milango.
Wa msaji, wa mvule, nani kauchonga, babake nani, babuye nani,
nami nimesimama barazani nabisha,
hodi,
hodi,
hakuna wa kunambia karibu.
Nikasema, subira. Huyu si mtu wa kukurupuka.
Ukurasa wa mia mbili watu wako wakaanza kuhutubu:
mke amwambia mume chumvi imezidi
kwa maneno ya risala ya mgeni wa heshima.
Wa mia tatu na tano akafa pacha wa pili.
Wa kwanza hata jina sijalishika.

Dadangu Nuswaiba kila asubuhi: "Kimefika wapi?"
"Ndiyo kwanza kinakolea."
Nilikusitiri kama mke amsitirivyo mume mbele ya wakwe.

Usiku mmoja akaingia mtu wa makamo,
kwikwi imemshika tangu adhuhuri.
"Mamangu alikuwa akisema kwikwi ni kutajwa.
Sasa anitajaye nani, dada,
na wote nimewazika mimi?"
Nikampa sukari ailambe. Akaenda zake.
Nikarudi kwako, ukurasa wa mia nne na kumi,
nikaona haya kwa niaba yako.

Nilitaka kukuandikia. Kwa adabu, kwa mizani, kama alivyonifunza babu:

*Salamu nakuletea, ewe fundi wa kauli,*
*kitabu nimepokea, hakichukuliki mbali,*
*sinia nasogelea, limejaa tele wali,*
*mchuzi umepotea,*

hapo kina kikanigomea. Nikaichana.
Nani mimi, muuza dawa za minyoo,
kumfunza kinyozi kushika wembe?

Kisha ukurasa wa mia sita na arubaini, mstari wa chini kabisa:
mtoto aingia chumbani kwa babake aliyekufa
akamkunjie nguo,
akuta zote zimekwisha kukunjwa.
Basi. Ukageuza ukurasa, ukarudi kwenye milango.

Nilikaa. Paka akashuka, mshale wa mizani ukarudi sufuri.
Kumbe umo.
Umo muda wote, umejifungia chumba cha ndani
cha jumba ulilolijenga kwa mikono yako,
na hapo ndipo paliponiuma.
Lau ungekuwa umekwisha ningekuombea rehema nikalala.

Mstari ule nimeunakili nyuma ya bili ya maji
iliyokuwa alama yangu ya kusomea,
nikaipachika ndani ya kile chembamba, penye tundu la kifungo.
Kile kinene Nuswaiba kakizuilia dirisha lisibamize.
Kazi hiyo, nisikudhulumu, kinaiweza.

Bili nayo sijalipa.
Jana wamekuja kukata maji, vijana wawili na spana,
wakaniuliza karatasi.
Nikaenda kabatini, nikakifungua kitabu, nikaitoa,
nikasimama nayo mlangoni
nikisoma upande usio wao.